Yohana 13:10: kama nilishaoga, mbona kila Jumapili naitwa mbele nikaoshwe tena?

#1 Mti_Mkavu
Wakuu, heri ya Jumapili.

Nina swali limenikaa tangu asubuhi. Nilibatizwa utotoni KKKT, kwa Walutheri, nikaokoka nikiwa kidato cha tatu, nikabatizwa tena kwa maji mengi mto Kiwira (baridi ile sijaisahau), na sasa nasali kanisa ambalo kila ibada ikiisha mchungaji anaita, "wanaotaka kutakaswa wapite mbele." Nimepita mara nyingi, hesabu imenipotea. Leo nimebaki kwenye benchi.

Sikubaki kwa kiburi. Somo la leo lilikuwa Yohana 13, pale Petro anakataa kuoshwa miguu, halafu anageuka anataka aoshwe mpaka kichwa. Yesu anamjibu: "Yeye aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu, kwani yu safi mwili wote."

Sasa kama yu safi mwili wote, kule mbele naitiwa nini? Utakaso ni jambo lililokwisha au ni kazi isiyokwisha? Naombeni maandiko, mahubiri nimeshayasikia.

#2 Kiazi_Mbatata
Unaitwa mbele kwa sababu kapu liko mbele. Uzi ufungwe.

#3 mama_Eliya
Kiazi, wewe kila uzi kwako ni kapu.

Mti_Mkavu mwanangu, soma 1 Yohana 1:7: "damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Yatusafisha. Hakusema ilitusafisha. Uwanja umeufagia jana, leo mwembe umemwaga majani tena. Mimi nimeokoka mwaka 1987 na fagio bado liko mkononi.

#4 Chuma_cha_Pua
Mama shikamoo. Hapo naomba nipinge kidogo.

1 Wakorintho 6:11: "lakini mlioshwa, lakini mlitakaswa, lakini mlihesabiwa haki." Tazama anaoambiwa. Ni watu wanaoburuzana mahakamani, na sura ya 5 inasema mmoja wao anaishi na mke wa baba yake! Hao ndio Paulo anawaambia mlioshwa, limepita. Anayemwita mtu wa namna hiyo akaoshwe upya anasema kazi ya msalabani ilikuwa rasharasha.

#5 Katekista_Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu Chuma, andiko umelileta mwenyewe, sasa tazama mpangilio wake: mlioshwa, mlitakaswa, kisha ndipo mlihesabiwa haki. Wenzetu mnatufundisha kuhesabiwa haki kwanza na utakaso baadaye, kama darasa la kwanza na la pili. Paulo hapo kapanga kinyume chenu.

Kwetu Wakatoliki jibu ni fupi. Ubatizo humpa mtu neema ya utakaso. Akianguka katika dhambi ya mauti anaipoteza, na anairudia kwa Kitubio, yaani sakramenti ya maungamo. Kuoga ni ubatizo, kutawadha miguu ni Kitubio. Mtakatifu Agustino alihubiri hivyo.

#6 Chuma_cha_Pua
Mzee wangu, Agustino nimemsoma. Alisema mwili mzima umeoshwa katika ubatizo ila miguu bado inakanyaga ardhi, sawa. Lakini dawa aliyoitoa pale kwa vumbi la kila siku ni sala ya Baba Yetu, "utusamehe deni zetu." Kiti cha maungamo umekiingiza wewe.

#7 Katekista_Mstaafu
Nimekubali kwa Agustino. Kwa Kitubio sijakubali, kina maandiko yake, Yohana 20:23.

#8 Kiazi_Mbatata
Kwa hiyo jibu ni kwamba tukishaoga tunatawaza miguu tu? Simpo.

#9 Barazani
Assalaam alaykum. Mimi Muislamu, niko Tanga, kwenye jukwaa hili huwa nasoma tu napita. Leo Kiazi kanivuta shati.

Kutawaza ni kumkalisha mtu kwenye kiti cha enzi. Wewe miguu umeipa ufalme. Kutawadha ndiyo kutia udhu.

Sasa aya hiyo ya Mti_Mkavu mimi nimeielewa kabla hamjaanza kuvutana. Kwetu kuna josho na kuna udhu. Mwenye janaba, mfano aliyetoka kwenye tendo la ndoa, anaoga mwili mzima, hakuna njia ya mkato. Akishaoga, udhu ukimtenguka harudi kuoga, anatawadha, na miguu anaiosha mpaka vifundoni. Mtoto wa madrasa anajua. Sisemi Nabii Isa alikuwa anafundisha udhu wetu. Nasema aliyeitafsiri hiyo Biblia yenu alikaa barazani na watu wa pwani akawasikiliza.

#10 Kiazi_Mbatata
Miguu imetawazwa, iishi miaka mingi 😂😂

#11 Karani_wa_Zamani
Barazani amegusa jambo kubwa kuliko anavyodhani. Niwieni radhi, nitakuwa mrefu.

Biblia ya Union ilitoka mwaka 1952, na ndiyo iliyotumia "kutawadha" hapo. Imelitumia pia Yohana 2:6, yale mabalasi sita ya mawe kule Kana yaliyowekwa "kwa desturi ya Wayahudi ya kutawadha." Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka 1937, alijaribu kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Kwa mstari huu nadhani hasara ingekuwa yetu. Kigiriki kina vitenzi viwili pale: louo, kuoga mwili, na nipto, kunawa kiungo. Mwenye udhu na josho anavitofautisha bila kamusi.

Lakini tatizo la Mti_Mkavu haliko kwenye kuoga. Liko kwenye "kutakasa."

Takasa inatokana na takata. Nguo imetakata, uso umetakata. Kwa hiyo Mswahili akisikia "utakaso" anaona uchafu unatoka. Kigiriki kina kazi mbili tofauti. Kuna katharizo, kuondoa uchafu. Kuna hagiazo, kukitenga kitu kiwe cha Mungu, na kitu hicho si lazima kiwe kichafu. Watafsiri wetu wamezitwika zote mbili neno moja. Mkoma wa Mathayo 8 anasema "ukitaka, waweza kunitakasa," na hiyo ni katharizo. Nenda Mathayo 23:17, "lile hekalu liitakasalo dhahabu," hiyo ni hagiazo. Dhahabu ile ilikuwa na uchafu gani? Hakuna. Ilibadilisha mwenyewe tu.

Kubwa zaidi ni Yohana 17:19. Yesu anasema kwa ajili yao anajihagiazo mwenyewe. Watafsiri wangeandika "najitakasa," msomaji angeuliza, kwani alikuwa na nini? Wakaandika "najiweka wakfu." Halafu mstari huohuo, kitenzi kilekile, kwa wanafunzi wakaandika "watakaswe." Neno moja, kwake wakfu, kwetu utakaso!

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama utakaso umekwisha, uliza ni upi. Wakfu unawekwa mara moja. Usafi ni habari nyingine.

#12 Mti_Mkavu
Karani, nimeisoma mara mbili, ahsante. Ila Waefeso 5:26 inasema "alitakase na kulisafisha kwa maji katika neno." Hapo yamekaa pamoja.

#13 Karani_wa_Zamani
Naam, na ni vitenzi hivyohivyo viwili vimeshikana mikono. Ndiyo maana sijasema havikutani, nimesema si kimoja. Na ukitaka kuniumiza kichwa zaidi nenda Waebrania 10. Mstari wa 10 utakaso umeshakamilika. Mstari wa 14: "kwa toleo moja amewakamilisha hata milele hao wanaotakaswa." Wamekamilishwa, na bado wanatakaswa. Mistari mitatu tu kati yake, na kitenzi ni hagiazo kote kuwili.

#14 Chuma_cha_Pua
Yaani umejenga nyumba #11 ukaibomoa #13.

#15 Karani_wa_Zamani
Msingi upo. Bati ndiyo limeezuka.

#16 Dobi_Magomeni
Mimi kazi yangu ni udobi, mwaka wa kumi na tisa huu, pasi ya mkaa mpaka ya umeme. Mnaongea lugha za watu mkiwa na dobi humuhumu. Marko 9:3, mavazi ya Yesu mlimani yalikuwa meupe "jinsi asivyoweza dobi duniani kuyafanya meupe." Tumetajwa kwa cheo.

Hoja yangu ni Ufunuo 7:14. "Wamefua mavazi yao, na kuyafanya meupe katika damu ya Mwana-Kondoo." Damu wajameni! Damu ni doa baya kuliko chai, kuliko embe bichi. Mteja akiniletea shati lina damu, la kwanza namuuliza: umelitia maji ya moto? Akisema ndiyo, namrudishia. Moto ukigusa damu imeshika mpaka kiama. Unaloweka maji baridi, chumvi kidogo, unaacha, unamwaga maji mekundu, unaweka mengine, mpaka yatoke kama yalivyoingia. Jiki hapana, inakula uzi na doa linabaki njano.

Sasa aliyeandika kwamba damu imefua nguo ikawa nyeupe alikuwa anajua anachoandika. Mahali pa kuwa doa, akaiweka pa sabuni. Kila nikiusoma mstari huo naacha pasi pembeni.

#17 mama_Eliya
Dobi ubarikiwe. Kwangu hii imepita mahubiri ya leo.

#18 Karani_wa_Zamani
Dobi, chukua na hili uweke dukani. Zaburi 51, Daudi anaposema "unioshe," kitenzi cha Kiebrania ni cha kufua nguo kwa kuzikanyagakanyaga. Cha kunawa mwili ni kingine na hakukitumia. Kwa Kiswahili chepesi alisema "nifue." Na Malaki 3:2 ana "sabuni ya mtu afuaye nguo," kaiweka jirani na moto wa msafisha fedha.

#19 Kiazi_Mbatata
Nifue, nianike, nipige pasi.

#20 Nyakati_2300
Sabato njema iliyopita ndugu zangu.

Nashangaa uzi wa utakaso umefika hapa na hakuna aliyegusa Danieli 8:14: "Hata nyakati za jioni na asubuhi elfu mbili na mia tatu, ndipo patakatifu patakapotakaswa." Mnaongelea utakaso wa mtu, mmeruka utakaso wa hekalu. Katika Walawi 16 kuhani mkuu aliingia mara moja kwa mwaka, mbuzi wawili, mmoja kwa Bwana na mmoja kwa Azazeli, akapatakasa mahali kwa sababu ya dhambi za watu. Kwa nini mahali? Kwa sababu dhambi zilizosamehewa mwaka mzima zilihamia pale. Sisi Waadventista tunaamini Kristo aliianza kazi hiyo patakatifu pa mbinguni tarehe 22 Oktoba 1844. Kwa hiyo Mti_Mkavu, umesamehewa, ndiyo, lakini kitabu hakijafungwa.

Pili, kutawadhana miguu. Wengi hapa mnaijadili Yohana 13 kama shairi. Sisi tunaifanya, kila robo mwaka kabla ya meza ya Bwana. Nilikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na mzee mmoja wa kanisani kwetu, mkoa wa Mara. Miezi saba hatusalimiani. Siku ya meza, wanaume tumetoka nje nyuma ya jengo, kila mtu anatafuta mwenzake wa kutawadhana naye. Wamebaki wawili, mimi na yeye. Beseni la bluu, maji ya vuguvugu, taulo ya mgeni. Akavua soksi. Ya kushoto ina tundu, kidole gumba kiko nje, ukucha umeoza mweusi. Mzee wa watu akawa anakikunja kile kidole kukificha. Nimemwosha nikilia. Mpaka wa shamba mpaka leo haujapimwa, lakini tunasalimiana.

#21 Kiazi_Mbatata
Si 1844 ndiyo ile nabii wenu Ellen White alitabiri Yesu anarudi halafu hakurudi?

#22 Nyakati_2300
Rekebisha. Aliyehubiri tarehe za kurudi alikuwa William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti wa Marekani. Ellen alikuwa binti wa miaka 16, na hakuwa White bado, hakuwa ameolewa. Na tafsiri ya kwamba patakatifu ni pa mbinguni ilianza na Hiram Edson asubuhi ya tarehe 23, baada ya usiku ule wa kilio.

#23 Karani_wa_Zamani
Nyakati, habari ya soksi nimeipokea yote. Kwa Danieli naomba niweke alama ya kuuliza. Kiebrania cha 8:14 hakitumii neno la kawaida la kusafisha. Kinatumia la kuweka sawa, la jamii ya "haki." Tafsiri ya kale ya Kigiriki ndiyo iliyoandika "kusafishwa," na wengi wakafuata. Wengine wanasoma pale habari ya hekalu la Yerusalemu lililonajisiwa na mfalme Antioko wa Nne na kurudishwa mwaka 164 kabla ya Kristo.

#24 Nyakati_2300
Hoja hiyo tunaijua na majibu tunayo. Haki na usafi katika Kiebrania hukaa jirani, Ayubu 4:17 yamewekwa sambamba. Tufungue uzi wake, huu wa Mti_Mkavu utazama.

#25 wa_Limuru
Hamjambo kutoka Kenya. Mimi nimelelewa na nyanya yangu, alikuwa ahonoki, yaani waliookoka, wale wa uamsho ulioanzia Kabale, Uganda, mwaka 1935. Kwao swali la Mti_Mkavu lisingekuwa swali. Uliokoka siku fulani, tarehe unaijua, lakini kila wiki unasimama kwenye ushirika unaweka nuruni ulichofanya. "Kutembea nuruni," ndivyo walivyosema, kutoka hiyo 1 Yohana 1:7 ya mama_Eliya. Wasomi hapa mnanukuu nusu ya pili ya mstari. Nusu ya kwanza ina sharti: "bali tukienenda nuruni."

Nyanya alirudisha jembe la jirani alilokaa nalo miaka minne. Alilibeba begani mchana kweupe, akalitaja mbele ya watu kwamba aliiba. Hakusema alisahau kurudisha. Babu aliona aibu, akalala njaa siku hiyo kwa hasira.

Halafu ikaja hali ya hatari mwaka 1952 na kiapo cha Mau Mau. Wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, wakasema wameshakunywa damu ya Yesu, hawawezi kuongeza ya mbuzi juu yake. Kuna waliouawa kwa jibu hilo. Na mjue Wakikuyu walikuwa na thahu tangu kale, unajisi wa kugusa maiti na mengine mengi, na mundu mugo, mganga wao, alimtapisha mtu maneno ya kuutoa. Kwa hiyo waliposikia "damu hutakasa" hawakuanza na karatasi tupu.

#26 Bukavu_Juu
Ndugu wa Limuru, salamu toka Kongo. Kabale 1935 ulikuwa mkutano mkubwa, mwanzo hapana. Kabla yake ni Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni. Na kabla ya Gahini ni Namirembe, Kampala, mwaka 1929, dakta Joe Church alipokutana na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Hata neno "mlokole" mnalolitumia Tanzania ni la Kiganda, aliyeokolewa. Lilianza kama kejeli.

#27 wa_Limuru
Nimepokea. Nyanya alisema Kabale kwa sababu ndiko walikotoka waliomhubiria, nadhani.

#28 Kiazi_Mbatata
Swali zito sasa, sitanii. Hao ndugu wa nuruni, si ndio walikuwa wanatoboa dhambi za ndoa za watu hadharani mpaka nyumba zinavunjika?

#29 wa_Limuru
Yalitokea. Walikuja kuambiana dhambi itajwe kadiri ilivyokosea watu. Uliyemkosea mmoja, mwendee mmoja. Si wote walifuata.

#30 Mshumaa_wa_Nta
Nitaongea la nyumbani. Dada yangu, wa kunifuata, alikaa ndoa miaka sita bila mtoto. Akapelekwa mahali, sitapataja, akaambiwa nyota yake imefungwa na anahitaji utakaso. Aoge maji ya upako siku saba, chupa moja kila siku, chupa shilingi elfu tano. Siku ya nne nilikuwa kwake. Chupa nimeishika. Karatasi ya lebo yenye picha ya mtumishi ilikuwa imepinda kona kwa unyevu, nikaivuta. Chini yake gundi ya lebo nyingine, nyeupe, imechubuka. Shingoni tarehe ya kuisha matumizi ya kiwanda. Maji ya dukani ya shilingi mia tano. Nikamwonyesha. Akaniambia, "Usiguse, utaharibu." Akaoga zote saba.

Sasa mnisaidie. Elisha alimwambia Naamani ajichovye Yordani mara saba. Tofauti iko wapi? Maana dada alinijibu kwa andiko hilo na mimi nikakosa la kusema.

#31 Katekista_Mstaafu
Mwanangu, pole. Soma 2 Wafalme 5 mpaka mwisho. Mfalme Naamani alimletea Elisha fedha, dhahabu na mavazi, Elisha akakataa katakata.

#32 Chuma_cha_Pua
Jemadari, mzee. Mfalme wa Shamu alikuwa bwana wake. Mengine naunga mkono, na ongeza Gehazi: mtumishi aliyemkimbilia Naamani nyuma kuomba malipo ya muujiza aliondoka na ukoma wa Naamani. Mwonyeshe dada mstari wa 27.

#33 Katekista_Mstaafu
Jemadari, sawa. Uzee.

#34 Barazani
Na huyo Naamani mwenyewe aliudharau Yordani, akasema mito ya Dameski ni bora. Maana yake maji yalikuwa ya kawaida, na yeye alijua. Aliyekuuzia maji ya kawaida kwa bei isiyo ya kawaida ndiyo ujiulize.

#35 Chuma_cha_Pua
Kuna jambo moja katika Hesabu 19 huwa linanifikirisha. Ng'ombe mwekundu anachomwa, majivu yanatiwa maji, aliyegusa maiti ananyunyiziwa siku ya tatu na ya saba, anakuwa safi. Lakini kuhani anayesimamia, anayemchoma, na anayezoa majivu, wote wanakuwa najisi mpaka jioni. Kumsafisha mwenzio kulikugharimu usafi wako. Hawa wa chupa kinawagharimu nini?

#36 Mshumaa_wa_Nta
Ya Gehazi nitampelekea. Ya kuhani kuwa najisi sikuwahi kuiona.

Watoto hajapata. Mtaniuliza tu, bora niseme.

#37 mama_Eliya
Mshumaa, mwambie dada kuna mama huku anamwombea, bila chupa.

Karani, nina neno na wewe. Tangu jana nimeisoma #11 yako, sikulala vizuri. Baba Eliya hajaokoka. Miaka thelathini na kitu. Si mtu mbaya, ana pombe yake ya Jumamosi na ana maneno yake juu ya wachungaji. Andiko ambalo limenishika mkono miaka yote ni 1 Wakorintho 7:14, "yule mume asiyeamini hutakaswa katika mkewe." Nimeliombea hilo nikiamini kwamba kuna kitu kinasafishwa ndani yake polepole, hata kama sikioni. Sasa wewe unasema kutakasa kuko kwa namna mbili. Hapo ni ipi? Usinifiche.

#38 Karani_wa_Zamani
Mama, shikamoo. Ni hagiazo. Ya kutenga. Paulo hasemi ameokolewa, maana mstari wa 16 anauliza, "wajuaje, wewe mwanamke, kama utamwokoa mumeo?" Anasema kwa kuwa yuko nyumbani mwako, Mungu hamhesabu kama kitu cha nje. Na watoto wenu ni watakatifu. Usafi wa ndani hausemwi hapo.

#39 mama_Eliya
Kwa hiyo amewekwa wakfu, ila hajafuliwa.

#40 Karani_wa_Zamani
Sijui kama ningethubutu kuliweka hivyo. Lakini ndivyo kilivyoandikwa.

#41 Katekista_Mstaafu
Mama Eliya, na yasiyokwisha hapa, sisi tuna toharani, mahali pa kutakaswa baada ya kufa. Neno lenyewe ni usafi, jamii moja na twahara ya Barazani. 1 Wakorintho 3:15, ataokolewa, "lakini ni kama kwa moto."

#42 Chuma_cha_Pua
Mzee, moto ule unapima kazi ya wajenzi wa kanisa, haumwoshi mtu. Na mama hajauliza habari za kufa.

#43 Dobi_Magomeni
Moto tena. Nimeshasema doa la damu halitaki moto.

#44 Mwalimu_Kibao
Nimechelewa. Niongeze tu kwamba mabishano haya yana miaka yake. John Wesley alifundisha kwamba mkristo anaweza kufikia upendo mkamilifu hapahapa duniani, kama hatua baada ya kuokoka. Wapentekoste wa kwanza pale Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, chini ya William Seymour, walihesabu hatua tatu: kuokoka, kutakaswa, kujazwa Roho. Mwaka 1910 William Durham wa Chicago akasema hapana, kazi ilimalizika Kalvari, utakaso unaanza siku ya kuokoka na mtu anaendelea kukua ndani yake. Wakagawanyika vibaya, Seymour akamfungia mlango wa kanisa. Kwa hiyo Mti_Mkavu, mchungaji wako anayeita watu mbele ni mjukuu wa Seymour, na Chuma ni mjukuu wa Durham. Walutheri waliokubatiza utotoni wao wanasema mtu ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, na Katekisimo Ndogo ya 1529 inataka Adamu wa kale azamishwe kila siku kwa toba. Umepita kote.

#45 Mti_Mkavu
Nimepita kote na miguu bado ina vumbi.

Mrejesho: nilimwandikia mchungaji ujumbe. Akajibu kwa sauti, dakika nne. Kwa ufupi anasema Yuda naye alitawadhwa miguu siku ile, beseni lilelile, na Yesu akasema "mmekuwa safi, lakini si nyote." Kwa hiyo yeye anaita wote kwa sababu hajui nani ni nani. Sikuwa na jibu la haraka. Jumapili sijaamua kama nitapita.

#46 Chuma_cha_Pua
Lakini Yesu hakumwita Yuda apite mbele. Yeye ndiye aliyeinama.

#47 Nyakati_2300
Hiyo hapo juu naiunga mkono, tarehe iandikwe.

#48 mama_Eliya
Baba Eliya kachukua simu yangu asubuhi, kausoma uzi wote mpaka alipotajwa. Nikajua leo kimewaka. Amekaa kimya, kisha akauliza, "Huyu dobi wa Magomeni, nguo anapokea siku gani?" Ana kanzu yake nyeupe, walichinja mbuzi kwa shemeji wiki iliyopita, imerukiwa kifuani.

#49 Dobi_Magomeni
Jumatatu mpaka Jumamosi, mama. Mwambie leo usiku ailoweke maji baridi. Asiguse moto.